Uraia Nilivyousomea Maktabani Chicago

Jamaa mmoja wa nyumbani, maarufu hapa Chicago kwa kushughulikia karatasi za watu, alinitajia bei yake ya kunijazia fomu ya uraia nikamwambia nitamrudia. Sikumrudia. Ada ya serikali peke yake kwa fomu ya N-400 ni dola 710 ukituma kwa mtandao, 760 ukituma kwa posta, na yeye juu ya hapo alitaka kiasi ambacho kwangu ni kodi ya nyumba. Nahudumia wazee zamu ya usiku. Hela yangu ikiingia huwa tayari ina mwenyewe. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kiethiopia aliyekula kiapo zamani, ndiye aliyeniambia: achana na huyo, nenda maktaba.

Nilimcheka kimoyomoyo. Nimekulia Voi, Kenya, sekondari nikamalizia Mombasa, na maktaba ya taifa pale barabara ya Msanifu Kombo naijua. Tulikuwa tunaingia na madaftari yetu wenyewe, tunagombea meza iliyo karibu na feni, tunakariri mpaka wanafunga. Vitabu vya rafuni tulivigusa kwa nadra. Kwa hiyo maktaba kwangu ilikuwa chumba kimya chenye viti. Mambo ya uhamiaji yanaingilia wapi?

Hata hivyo nilikwenda. Tawi la mtaani kwetu, Rogers Park, liko Clark Street, na nilipitia asubuhi moja nikitoka kazini na sare yangu mwilini. Kadi ya maktaba ya Chicago ni bure kwa mkazi yeyote. Nilitoa pasipoti ya Kenya na bili ya umeme yenye anwani yangu, basi. Hakuna aliyeniuliza nina karatasi gani za kuishi nchini. Mtu asiye na kitambulisho kingine anaweza kutumia CityKey, kadi ambayo jiji lilianza kuitoa mwaka 2018, na yenyewe inafanya pia kazi ya kadi ya maktaba. Kwa kweli ilikuwa rahisi kuliko kusajili laini ya simu Nairobi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wa kwetu tunaposhindwa. Tunachukua kadi, tunaangaza macho, tunaona vitabu vya Kiingereza, tunaondoka. Huduma zenyewe haziko rafuni. Ziko kwa mtu aliyekaa nyuma ya dawati, na usipouliza hakuambii, kwa sababu hajui shida yako. Mimi niliuliza kwa Kiingereza changu cha haraka haraka: nataka kuwa raia, nianzie wapi? Yule mkutubi akainuka. Hakunionyesha kwa kidole, aliinuka, tukaenda hadi kwenye kona yenye vitabu vya uraia, akanitolea kitabu cha historia na serikali ya Marekani na pakiti ya kadi za maswali, swali mbele na jibu nyuma. Akageuza na skrini yake nione ratiba: tawi gani lina kikundi cha mazungumzo ya Kiingereza, lipi lina darasa la uraia, siku gani, saa ngapi.

Halafu akanieleza asichoweza kufanya. Alisema maktaba haitoi ushauri wa sheria: hataniambia nijaze nini kwenye sehemu inayouliza kuhusu safari, kodi au kesi, hiyo ni kazi ya wakili au shirika lililoidhinishwa na serikali. Akanichapia orodha ya mashirika yasiyo ya kibiashara yanayofanya kazi hiyo bure au kwa ada ndogo. Niliondoka nikimwamini kwa ajili ya lile katazo kuliko kwa ajili ya vitabu. Yule jamaa wa karatasi alikuwa tayari kujaza chochote.

Fomu nilijaza na shirika, ila nyaraka zote nilizipiga skani maktabani. Nilikuwa na wasiwasi wa kufungua mambo yangu kwenye kompyuta ya umma. Kwenye matawi kadhaa kuna wafanyakazi wanaoitwa CyberNavigator, kazi yao ni kumkalisha mtu asiyejiweza na kompyuta na kumfundisha taratibu, na mmoja wao alinionyesha jinsi ya kutoka kwenye akaunti na kufuta faili nilizoacha. Illinois pia ina sheria inayolinda kumbukumbu za msomaji: ulichoazima ni siri yako, maktaba haikitoi hivi hivi bila amri ya mahakama. Kwa mtu aliyehama nchi hilo si jambo dogo.

Kusoma kwenyewe nilikupangia saa za mchana, nikiamka kabla binti hajatoka shule. Mtihani niliofanya mimi ulikuwa wa maswali 100: unayasoma yote, afisa wa uhamiaji anakuuliza hadi kumi, na ukifikisha majibu sita sahihi anaishia hapo. Waliotuma fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya, maswali 128, wanaulizwa hadi ishirini na lazima wapate kumi na mawili. Kwa hiyo ukiazima kadi za maswali hakikisha ni toleo lako, maana rafuni matoleo yote mawili unaweza kuyakuta yamekaa pamoja. Na majibu mengine hayamo kwenye kitabu chochote. Jina la gavana, la seneta wa jimbo lako, la spika, haya hubadilika, yanaangaliwa kwenye tovuti ya uhamiaji siku chache kabla ya usaili.

Kwenye kikundi cha mazungumzo nilimkuta mama wa Bukavu. Rogers Park ina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, na kwenye duka la vyakula utasikia Kiswahili cha Kivu kabla hujasikia Kiingereza. Yeye majibu alikuwa nayo kichwani kunishinda: marekebisho ya Katiba ni 27, mito miwili mirefu ni Missouri na Mississippi, hababaiki. Tatizo lake kalamu. "Dada, kusoma nitasoma," aliniambia, "lakini kuandika njo kutaniua." Mtihani unataka usome sentensi moja sawasawa kati ya tatu na uandike moja sawasawa kati ya tatu, na siku hizi unaandika juu ya tableti kwa kikalamu cha plastiki kinachoteleza. Basi tukawa tunachukua meza ya nyuma, mimi nasoma sentensi kwa sauti ya chini, yeye anaandika. Neno lililomsumbua ni "Washington", herufi ya katikati akiiruka. Alipoliandika zima mara ya kwanza aligonga meza kwa kofi na mlinzi akatugeukia. Yeye kwa upande wake alinisaidia kutamka majibu taratibu, kwa sababu mimi nikiogopa nakimbiza maneno.

Binti yangu muda huo alikuwa meza ya pili na mwalimu. Maktaba ya Chicago inaweka walimu matawini baada ya saa za shule wa kusaidia watoto kazi za nyumbani, bure, na kwa mzazi aliyesoma hesabu kwa mtaala wa Kenya wa 8-4-4 huo ni msaada mkubwa; gawanya yao na gawanya yetu zinafika mahali pamoja kwa njia tofauti kabisa. Binti ndiye aliyeanza kuazima vitabu kwa mafungu. Nilikuwa naogopa faini, kumbe Chicago ilifuta faini za kuchelewesha Oktoba 2019, na kitabu kisipoagizwa na mwingine kinajiongezea muda chenyewe. Ukikipoteza ndipo unalipa bei yake. Vya Kiswahili, niseme ukweli, ni vichache mno, na hapo sina la kuwasifia.

Ni yeye pia aliyegundua pasi za makumbusho. Familia yenye mtoto inaazima pasi kama inavyoazima kitabu na kuingia makumbusho bila kulipa. Tukapata ya Field Museum, na huko ndani, nyuma ya kioo, wamekaa simba wawili wa Tsavo. Wale wale walioshambulia wajenzi wa reli mwaka 1898, wakapigwa risasi na John Henry Patterson Desemba ya mwaka huo. Ngozi alizifanya mazulia mpaka 1924, alipoziuzia makumbusho hii kwa dola 5,000. Mimi niliyezaliwa karibu kabisa na mto Tsavo, niliyekuwa natishwa nao utotoni, nilikuwa sijawahi kuwaona. Binti aliwaangalia akauliza mbona hawana nywele shingoni kama simba wa katuni. Nikamwambia simba dume wengi wa upande wetu wako hivyo, na ndiyo siku pekee nimejisikia mwenyeji ndani ya jumba la hapa.

Darasa la mwisho nililifanya maktaba kuu, Harold Washington, State Street, iliyofunguliwa 1991 na kupewa jina la meya wa kwanza mweusi wa jiji hili. Juu ya paa wameweka bundi wakubwa wa alumini. Kwao bundi ni hekima. Mimi nilipita chini yao nikisoma dua, maana kwetu bundi akitua juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa. Ndani nilisoma kwamba baada ya moto mkubwa wa 1871 Waingereza waliwatumia Chicago vitabu kama 8,000, na maktaba ya kwanza ya umma ikafunguliwa tarehe 1 Januari 1873 ndani ya tangi la maji lililokuwa halitumiki tena. Hilo halimo kwenye mtihani, lakini limenikaa kuliko mengi yaliyomo.

Ofisi ya uhamiaji iko Ida B. Wells Drive, unatembea tu kutoka hapo, kwa hiyo siku ya usaili niliwahi mapema nikakaa maktabani mpaka saa yangu ikafika. Afisa alikuwa mpole na mwenye haraka. Maswali ya historia yalikwisha kabla sijakaa vizuri kitini. Muda mrefu ulikwenda kwenye fomu, safari zangu za Kenya tarehe kwa tarehe. Mama wa Bukavu alifanya wa kwake baada yangu, akapita, na sentensi aliyopewa kuandika ilikuwa na Washington ndani yake.

Kwa Mkenya wa kuzaliwa, Katiba ya 2010 inakuachia uraia wa Kenya ukichukua mwingine. Ndugu wa Tanzania wafikirie kwanza, sheria yao hairuhusu.

Ukienda, beba kitambulisho chenye picha na barua yenye anwani yako. Angalia saa za tawi lako kabla ya kutoka, kwa sababu siku nyingine hufunga saa kumi na mbili jioni na nyingine saa mbili usiku. Pasi za makumbusho ziulize asubuhi Jumamosi. Mchana zinakuwa zimekwenda.