Hata lini: namna nilivyojifunza kumlilia Mungu baada ya volkano

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, nilikuwa kwenye cherehani nyumbani kwetu Buhene, kaskazini mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, napunguza kiuno cha gauni la harusi. Mwenyewe alitaka kulichukua Jumatatu. Watoto ndio walioniita nje: anga upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, lilikuwa jekundu. Mwaka 2002, volkano ilipopita katikati ya mji, nilikuwa msichana mdogo, na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilimfunga mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, nikatia gauni, sindano na Biblia ndani ya mfuko, tukakimbia. Vyeti vya watoto niliviacha. Cherehani niliiacha. Gauni la mtu nililibeba.

Kesho yake tulirudi kutazama. Moto ulikuwa umesimama karibu kabisa na uwanja wa ndege, lakini nyumba yetu ilikuwa chini yake. Mawe meusi yalikuwa yanatoa moshi, na ukikaribia, kandambili zinaanza kulainika mguuni. Mahali pa mlango wetu nilipajua kwa mparachichi wa jirani tu, uliobaki shina lililoungua. Mkubwa aliniuliza, "Mama, cherehani iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Sikuweza kusema.

Matetemeko yakaendelea mchana na usiku, kuta za watu zikapasuka, na tarehe 27 asubuhi tukaamriwa kuhama mji. Tulitembea kwa miguu hadi mji mdogo wa Sake pamoja na umati ambao sijawahi kuuona tena, wazee wakibebwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, magodoro kichwani. Tulilala sakafuni ndani ya kanisa moja dogo, kichwa kwa kichwa.

Nasimulia haya kwa sababu ya jambo lililofuata, ambalo liliniumiza kuliko moto. Tuliporudi Goma mwezi Juni nilienda kusali mahali fulani, na mhubiri akasema waliochomewa nyumba wachunguze maisha yao, Mungu hapigi bure. Watu wakaitikia amina. Baadaye mama mmoja akanishika bega akisema, "Shukuru tu, dada, kila jambo lina sababu yake." Hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku ile maombi yangu yalikauka. Nikifumba macho naona mawe tu. Niliona haya kumwambia Mungu kwamba nina hasira naye, na kitu kingine cha kumwambia sikuwa nacho.

Aliyenisaidia ni mama mzee, mjane, tuliyepanga naye nyumba moja mtaa wa Katoyi, Goma. Alikuja na kiti chake, akaketi karibu yangu akichambua sombe, majani ya muhogo, bila kusema neno la faraja hata moja. Akaja kesho, na keshokutwa. Siku ya nne au ya tano ndiyo aliuliza, "Umemlalamikia?" Nikamwambia, "Mama, Mungu halalamikiwi." Akaniambia nilete Biblia, nimsomee Zaburi ya 13, yeye macho yamechoka. Nikasoma. Katika aya mbili za kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Akanisimamisha pale pale. "Huyo naye alitenda dhambi gani? Na mbona wameyaandika, tuyasome kanisani?"

Baada ya hapo nilisoma Ayubu kwa macho mengine. Rafiki zake waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wamenyamaza, na hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa na kuanza kueleza sababu ndipo walipoharibu. Mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu yule aliyelalamika sura baada ya sura! Niliisoma aya ile nikalia kwa sauti hadi watoto wakaogopa. Hata Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Nilikuwa nimezoea kumsikia Paulo akihubiriwa kama mtu asiyelia.

Kwa hiyo nikaanza, na nilianzia kwenye lile gauni. Harusi ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya kukimbia, na bibi harusi alikuwa bado analihitaji. Bila cherehani nililimaliza kwa mkono. Kila usiku watoto wakilala nawasha taa ndogo ya sola, natia uzi, na badala ya kuomba kwa maneno mazuri nasema moja tu: hata lini, Bwana. Pindo la chini peke yake lilinichukua usiku sita. Vidole vilitoboka. Kuna usiku sikusema chochote, nilishona tu. Lakini nilijua nasema na mtu, na tangu nitoke Buhene sikuwa nimelijua hilo. Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo tumaini. Zamani niliruka moja kwa moja kutoka dhiki hadi tumaini. Yale ya katikati yana usiku mwingi ndani yake.

Mengine nayapita haraka. Akina mama wa likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, walinipa zamu ya kwanza, nikanunua cherehani ya miguu, kuukuu lakini nzima. Nyumba hatujajenga. Vita vimetupitia tena, Januari 2025 mabomu yalitukuta ndani, na sasa wateja wanalipa kidogo kidogo kwa sababu pesa haipatikani. Bado nauliza hata lini.

Mama mzee alifariki mwaka jana. Kiti chake ninacho. Kila Alhamisi tunakutana akina mama saba au wanane kwangu, kila mmoja anasema lake kwa Mungu kama lilivyo, na hakuna ruhusa ya kumjibu mwenzako. Juma lililopita alikuja mgeni aliyekimbia Masisi na watoto watatu. Aliketi mkekani, akajifunika uso kwa kitenge, hakusema kitu. Nikachukua kiti, nikakisogeza karibu naye, nikaendelea kuchambua sombe.