Pointi nimebadilisha mara tatu, kumbe kilichokufa ni bushi ya distributa

Gari yenyewe ni Morris Minor 1000 ya marehemu babu, injini ya 1098 cc, ipo hapa Chake, Pemba, tangu mie sijaanza skuli. Mwaka jana ikaanza kukosa. Kwenye tambarare inakwenda uzuri tu, ila ukianza kupanda vilima vya njia ya Wete inakatakata, inapiga baruti kwenye ekzosi, na ukiizima mara nyengine haishiki tena mpaka ipoe.

Kila mtu ananambia kabureta. Nikaisafisha, wapi. Nikafungua distributa, kile chombo kinachogawa umeme kwenye plagi, ni Lucas 25D4, nikakuta pointi (vile visahani vinavyofunga na kukata umeme) zimeungua kweli, basi nikaagiza pointi, kondensa, rota na kifuniko, vikaja na boti kutoka Unguja, nikafunga vyote nikaseti uwazi wa pointi 0.40 mm kwa fila (kibati cha kupimia uwazi), gari ikapona. Siku kumi tu, halafu yaleyale. Nikabadilisha tena, na tena, na hela inakwenda na mie nna watoto wanasoma.

Ndipo nikamwita ami yangu, kafanya ufundi miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo ami, akaitikia marahaba mwanangu, hata chai hakunywa, moja kwa moja kwenye boneti. Akavua kifuniko na rota, akaishika shafti kwa vidole viwili akaitikisa, ikacheza, kumbe bushi, ile pete inayoishikilia shafti, imekwisha. Akanambia, "Pointi zako hazina kosa mwanangu, hebu tia fila hapo halafu isukume shafti." Nikazungusha injini mpaka pointi zikafunguka mwisho, 0.40, nikaisukuma shafti kwa kidole, ikashuka 0.25! Yaani muda wote huo nilikuwa naseti kitu kisichotulia, injini ikiwaka shafti inayumba na kila silinda inapata cheche kwa wakati wake, moja mapema moja imechelewa, taiming gani itakaa hapo.

Distributa nzima kutoka Uingereza sikuiweza bei. Nikaamua kuitoa nimpelekee mkereza vyuma Mwanakwerekwe, Unguja. Kutoa si kazi, unafungua boliti mbili za ile sahani iliyoishika kwenye injini lakini boliti ya kubana shingo ya distributa usiiguse, taiming inabaki karibu na palepale. Kwa chini kuna jino la kuzungushia shafti, halikukaa katikati, kwa hivyo distributa inaingia kwa upande mmoja tu. Sasa hapa muwe makini mno: kabla ya kugonga ile pini na kulivua jino, piga alama kwenye jino na kwenye shafti, maana ukilirudisha kinyume rota itaelekea upande wa pili kabisa na utahangaika siku nzima na waya za plagi.

Shafti alhamdulillahi ilikuwa nzima. Mkereza akapata bushi ya bronzi ile inayokunywa oili, akaipunguza kwa nje mpaka ikakaa, na kabla ya kuipachika tukailaza ndani ya oili ya injini siku nzima, usiku na mchana. Hii usiiruke, bushi kavu haikai. Nilikuta pia kile kiwaya chembamba cha athi cha sahani ya pointi kimebakia nyuzi mbili, nikakibadilisha hapohapo.

Kurudisha, nikatia grisi kidogo sana kwenye kemu inayofungua pointi, matone mawili ya oili chini ya rota, uwazi 0.40, waya za plagi 1-3-4-2 kwa kuzunguka kinyume cha saa. Taiming nikaseti kwa balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye bodi mwengine kwenye waya wa pointi, swichi on, inapowaka ndipo pointi zinapofunguka.

Hii miezi mitano sasa. Juzi nimempakia ami tumekwenda Wete na kurudi, nimepima, uwazi 0.40, nikaisukuma shafti, 0.40.