Siku moja maishani mwangu: kupima udongo wa changarawe kwenye miteremko ya Eburru

Saa 12:30 asubuhi

Kabla ya kuondoka mji wa Gilgil, Kenya, tunapakia mtaimbo, sururu, beleshi, mwiko wa mwashi, tepu, pimamaji, ubao ulionyooka wa mita 2, mizani ya kuning'iniza, chekeche ya matundu ya milimita 2, nailoni nyembamba, jagi lenye alama za lita, na maji ya kutosha. Maji ndiyo husahaulika, na Eburru, mlima wa volkano karibu na Naivasha, si mahali pa kuyatafuta ukishafika. Wakazi wa huko huvuna mvuke unaotoka ardhini, wakaupoza uwe maji ya kunywa.

Saa 2:00

Kazi ya kwanza ni mteremko. Ubao unalazwa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, pimamaji ikiwa katikati yake. Ukishatulia, unapima kimo kutoka ncha ya chini hadi ardhini. Leo ni sentimita 76. Gawanya kwa 200, unapata asilimia 38, yaani karibu digrii 21. Watu wengi huchanganya asilimia na digrii, na hapo makadirio yote yanaharibika: digrii 45 ndiyo asilimia 100.

Kanuni za kilimo za Kenya kwa miaka mingi zimetaja asilimia 35 kuwa mpaka wa kulima. Hapa tumeupita, kwa hiyo tunazungumzia malisho tu.

Saa 2:40

Tunatembea tukisoma uso wa ardhi kabla ya kuchimba. Kichaka cha leleshwa kimetawala, na katikati yake kuna mashina ya nyasi za themeda. Shina likisimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo huku mizizi ikionekana pembeni, jua udongo uliolizunguka umeondoka. Pima kimo cha kichuguu hicho, kwa kuwa hayo ni makadirio ya udongo uliopotea tangu shina hilo liote.

Changarawe iliyotandazika juu huonekana kama dalili mbaya, lakini ndiyo ngao iliyobaki. Inavunja nguvu ya matone na kupunguza kasi ya maji. Anayeiokota ili "kusafisha" malisho anaufungulia mmomonyoko mlango.

Saa 3:15

Sasa shimo. Uso wa kusomea uwe upande wa juu wa mteremko, na udongo unaotoka uwekwe kando, wa juu peke yake na wa chini peke yake. Ukiutupa juu ya uso wa kusomea, utakuporomokea na kuchafua tabaka.

Sentimita 12 za kwanza ni udongo tifutifu wa kahawia iliyokolea, umejaa mizizi membamba. Kutoka 12 hadi 38 rangi inapauka na changarawe inazidi: pamisi, yaani yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, pamoja na vipande vyeusi vya obsidiani ving'aavyo kama kioo. Vaa glavu, vinakata. Kwenye 38 mtaimbo unagota.

Kugota hakutoshi kuandika "mwamba". Jiwe kubwa lililozikwa nalo hugotesha. Piga mtaimbo sehemu kadhaa ndani ya hatua kumi. Ukigota kwenye kina kinachokaribiana kila mahali, na mlio ukiwa mkali, huo ni mwamba. Kina kikirukaruka kutoka 20 hadi 60, ama ni mawe yaliyoviringika kutoka juu au mwamba wenye nyufa. Nyufa ni habari njema: chunguza kama zina udongo na mizizi. Leleshwa hudumu kiangazi kwa sababu mizizi yake huingia humo. Anayeng'oa visiki vyake kwa ajili ya makaa anaondoa pia kilichokuwa kikishika udongo mahali penye mwinuko mkali.

Saa 4:30

Hii ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Ile mikebe ya chuma ya kupimia uzito wa udongo haiingii kwenye changarawe. Ikilazimishwa, inasukuma mawe na kutoa namba ya uongo. Tunachimba kishimo kidogo, tunahifadhi kila chembe iliyotoka, tunatandika nailoni ndani, kisha tunajaza maji kwa jagi hadi usawa wa ardhi. Yameingia lita 6, basi ujazo wa udongo uliotoka ni lita 6. Udongo wenyewe, baada ya kukauka juani, ni kilo 7.5.

Tunachekecha. Kilo 3.6 zinabaki juu ya chekeche. Ukikariri kwamba jiwe lina kilo 2.65 kwa lita, utaandika kuwa changarawe imechukua lita 1.36, yaani asilimia 23 ya nafasi. Kwa pamisi hesabu hiyo imekosea, maana mawe haya yamejaa vitundu. Tunayaloweka wakati wa chakula.

Saa 7:30 mchana

Mawe yameshiba, hayatakunywa maji ya kipimo. Yanapanguswa, yanatumbukizwa kwenye ndoo iliyojaa pomoni, yanakandamizwa kwa wavu yasielee, na maji yanayomwagika yanakingwa: lita 2.1. Ni asilimia 35, si 23. Hilo ni tabaka la juu. La chini, kwa njia ileile, linatoa karibu 50. Wastani wa kina chote ni 45.

Ukipima aina ya udongo kwa vidole, tumia uliochekechwa, na usisugue sana. Chembe za pamisi husagika mkononi, ukadhani kichanga kimegeuka tifutifu.

Saa 8:30

Sasa hesabu inayomhusu mfugaji. Udongo tifutifu huhifadhi takriban milimita 1.5 za maji ya mmea kwa kila sentimita ya kina. Sentimita 38 zingetoa 57, lakini udongo halisi ni asilimia 55 tu, basi zinabaki kama milimita 31. Vitundu vya pamisi huongeza kidogo. Nyasi na jua zikitumia milimita 5 kwa siku, akiba inaisha kwa siku sita. Udongo wa kina cha mita moja usio na mawe ungewapa siku thelathini.

Kuna jambo jingine linalowadanganya wengi. Mvua ndogo ya milimita 10 kwenye udongo usio na mawe hulowesha kama sentimita 7. Hapa, kwa kuwa mawe yamechukua asilimia 35 ya tabaka la juu, hufika kama 10. Hiyo ni sababu mojawapo ya mlima huu kuwa kijani mapema. Mifugo hupandishwa wakati huohuo, nyasi zikiwa zinaishi kwa akiba ya mizizi, na mvua ikikatika wiki moja tu, zilizoliwa hadi chini hazina cha kuchipulia.

Mvua kubwa nayo ina shida yake. Udongo ukishajaa, maji hutiririka juu ya mwamba, chini ya miguu ya ng'ombe. Kwato zikipita hapo, udongo unateleza kwa vipande.

Saa 10:00 jioni

Mchungaji amesimama na mbuzi wake. "Mzee, hapa tuchimbe fanya juu?" Hapana. Fanya juu ni mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu. Ukiwa wa sentimita 60 utakutana na mwamba kwenye 38, na udongo mzuri utabaki umelundikwa pembeni. Paweke mistari ya mawe kwenye kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokata mteremko, tena palipo na upara tu: msingi wa sentimita 10, mawe makubwa chini, madogo upande wa juu, kimo kama 30. Kila ardhi ikishuka mita 2, mstari mwingine. Kwa mteremko huu ni kama hatua saba za kawaida. Mawe yatoke kwenye makorongo, si kwenye ile ngao ya juu. Na mifugo isubiri hadi nyasi zifike kimo cha shibiri, kisha iondolewe nusu ya nyasi ikiwa bado imebaki.

Saa 10:45

Shimo linafukiwa, udongo wa chini kwanza, wa juu mwisho, na changarawe ya uso inarudishwa kama ilivyokuwa. Sampuli ziko kwenye mifuko ya kitambaa, kila mfuko na kibandiko ndani na nje: mahali, kina, tarehe, asilimia ya mteremko.