Bili ya Umande

Leo asubuhi nimeletewa bili ya paundi 310, kodi ya mwezi mmoja ya boti yangu kusimama nchi kavu juu ya magogo. Wanahesabu kwa mita. Futi 26 hazifiki mita 8, lakini wao wameandika 8. Maji ya mpira yanalipiwa mbali, umeme mbali. Sisi wa Nungwi, Unguja, chombo unakipandisha pwani kwa maji ya bamvua, unakiegemeza, unafanya kazi yako, na anayekuja kukusimamia kichwani anataka kahawa tu.

Boti yenyewe ni Westerly Centaur ya faiba, ya miaka ya 70, iliyoundwa hapahapa Hampshire, Uingereza. Niliipendea mikuku yake miwili: maji yakitoka inasimama wima juu ya tope, haiinami. Niliinunua kwa bei ya simu nzuri, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Mnaojipanga kuja huku, kitu kikiuzwa rahisi ulizeni kwanza kinalala wapi na kwa pesa ngapi.

Ilipotolewa majini nikaona malengelenge chini ya mstari wa maji, mengine kama dengu, mengine mapana kama kitako cha kikombe cha kahawa. Nikatoboa moja kwa ncha ya bisibisi. Likanirukia maji ya hudhurungi, yananuka siki, ukiyasugua vidoleni yanateleza kama mafuta. Kumbe faiba nayo hunywa maji! Yanapenya ganda la juu polepole, miaka nenda miaka rudi, yanageuka uchachu ndani, na uchachu ule unavuta maji mengine.

Karakana ya pale ikanipa makisio mara nne ya bei niliyonunulia. Msimamizi akanitazama juu mpaka chini, akasema kazi hii inataka mtu mwenye uzoefu. Mimi, niliyekua nikimshikia ami yangu mbao akitoboa kwa keke! Siku ileile nikarudi na msasa.

Wikiendi sita nachimba malengelenge. Barakoa, miwani, ovaroli, na bado vumbi la faiba linapenya hadi kiunoni, unajikuna kama uliyepita kwenye upupu. Rangi ya zamani ya chini ina sumu, hawaruhusu kuisugua kavu. Unailowesha na uchafu wake unauzoa kwenye ndoo. Halafu unaosha kwa maji matamu, siku ya pili tena, ya tatu tena, mpaka ile siki itoke. Halafu unangoja ikauke.

Kungoja ndiko kunakolipiwa. Ukipaka epoksi, ile gundi ngumu ya kuzuia maji, mapema umeyafungia maji ndani, kwa hiyo toka Oktoba mpaka Aprili nalipia jua lisilokuwepo. Hata Aprili, asubuhi ikiwa chini ya nyuzi 10, epoksi uliyoipaka jana bado inanata vidoleni. Kwetu faiba inaganda hujageuka kuchukua brashi.

Mzee wa boti ya jirani, ambaye miezi miwili hakuitikia hata salamu yangu, siku moja akaniletea hita na turubai. "Ukimaliza rudisha," basi. Nilitaka kumkumbatia. Alinikataza pia kupaka rangi ya ubavuni baada ya saa nane mchana. Sikumsikia, kiburi cha Nungwi. Saa kumi nachanganya kopo na kigandishi chake, napitisha rola, nafuatisha brashi laini kuua mapovu, ubavu unang'aa mpaka najiona ndevu. Jioni umande ukashuka. Asubuhi ubavu umepauka kama bati la banda la kuku. Mzee akapita, akatazama, akaenda zake.

Ikabidi nisugue upya, ningoje siku kavu, nipake tena. Huo ndio mwezi wa bili hii.

Safari hii imeng'aa. Jana nikamtumia ami picha. Hakuuliza ubavu, akauliza chini nimetia deheni gani, ile dawa tunayopaka chini ya chombo. Nikamwambia ya kopo, lita 2.5 kwa paundi 90. Kimya. Baadaye ikaja sauti, anacheka hata maneno hayatoki vizuri: "Mwanangu, nikutumie shahamu na chokaa?"

Nimemuuliza kilo ngapi zatosha.