Siku Moja Maishani Mwangu: Swali la Chuo Lililokaa Chini ya Karatasi ya Kura

Saa tisa usiku

Kengele ya simu niliitega iite saa kumi, ila saa tisa nilikuwa macho tayari. Usiku ule wa kuamkia Jumanne, tarehe 8 Novemba 2022, mwezi ulikuwa unapatwa na nilitaka kuuona umekuwa mwekundu. Nikavuta pazia. Mawingu matupu, na mvua inanyesha. Los Angeles mvua ni mgeni, na ikichagua kuja siku ya uchaguzi msimamizi wa kituo anashika kichwa, maana watu wa huku wakiona matone mawili wanabaki ndani.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nasoma uuguzi katika chuo cha Los Angeles Southwest, na usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Uraia sijapata, nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Sheria ya California inamruhusu mwenye kadi hiyo kuwa karani wa uchaguzi, lakini kupiga kura hapana. Nitampa mtu karatasi ya kura, yangu sina.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Jirani yangu alinipitia na gari. Ni mama wa makamo, Mmarekani mweusi, ana nyumba yake aliyoilipia miaka thelathini, na siku hiyo alikuwa karani pamoja nami. Kwenye gari tulikuwa huru kusema, kwani tukishaingia kituoni midomo inafungwa. Ndani ya futi 100 za kituo hakuna kumpigia debe mtu wala hoja yoyote, yaani swali linaloamuliwa kwa kura, na sisi makarani ndio wa kwanza kulichunga hilo.

Tulibishana kuhusu hoja ya chuo. Chini ya karatasi ya kura mwaka ule palikuwa na hoja iliyoitwa LA: vyuo vya jamii vya Los Angeles, changu kikiwamo, vinaomba idhini ya kukopa dola bilioni 5.3 kwa kuuza hati fungani, ili kujenga na kukarabati. Mkopo unalipwa kwa kodi ya nyumba na ardhi, na kwa vyuo vya aina hii sheria imeweka ukomo wa dola 25 kwa kila dola 100,000 za thamani iliyokadiriwa. "Tuliwapa 2001," jirani akasema, akihesabu kwa vidole juu ya usukani. "Tukawapa 2003. Tukawapa 2008. Tukawapa 2016. Wanarudi tena." Anasema kweli. Ile ya 2001 ilikuwa dola bilioni 1.245, ya 2003 milioni 980, ya 2008 bilioni 3.5 na ya 2016 bilioni 3.3. Mtu anayeishi kwa pensheni ana haki ya kuuliza.

Nikamwambia upande wangu. Sehemu hii ya kusini ya jiji iliwahi kukaa bila chuo chochote. Odessa Cox, mwanamke wa mtaani tu, aliongoza watu kukidai kwa miaka mingi, na Southwest kikafunguliwa mwaka 1967, miaka miwili baada ya ghasia za mtaa wa Watts, huku huku kusini. Mimi nalipa dola 46 kwa kila yuniti ya somo. Bila chuo hiki uuguzi ningeusikia kwa wengine. Jirani akanyamaza kidogo, akasema, "Najua, mwanangu. Lakini bili ya kodi inakuja kwangu." Tukafika hatujakubaliana.

Saa kumi na mbili asubuhi

Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa mpira wa kikapu kwenye bustani ya umma. Tulitandika mazulia ya mpira mlangoni kwa ajili ya maji, tukawasha mashine, tukakagua lakiri moja moja na kuandika namba zake. Vibanda vya kura vilikuwa chini ya kile kikapu cha kufungia magoli, harufu ya sakafu yenye maji imejaa.

Saa moja asubuhi

Milango ilifunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kwenye kishikwambi cha daftari la wapiga kura: natafuta jina, mtu anatia saini, mashine inachapa msimbo kwenye karatasi nyeupe ndefu, namkabidhi. Anaichomeka kwenye mashine ya skrini ya kugusa, anachagua, mashine inachapa alichochagua, anaisoma kwa macho yake, kisha anairudisha na inaingia kwenye sanduku. Wengine huja wamekwisha kuchagua nyumbani kwenye simu, wanaonyesha msimbo tu skrini ijaze, halafu wanakagua.

Karatasi ya mwaka ule ilikuwa ndefu mno. Gavana, seneta, mbunge, majaji wa kuthibitishwa mmoja baada ya mwingine, meya kati ya Karen Bass na Rick Caruso, mkuu wa polisi wa kaunti, hoja saba za jimbo, za kaunti, za jiji. Halafu chuo. Nafasi nne katika bodi ya wadhamini, na hoja ya mkopo.

Kwa wasomaji wa nyumbani nieleze kidogo, maana kwetu bodi ya chuo cha umma huteuliwa na mwananchi hasikii hata majina. Hapa vyuo tisa vya jamii, mfano wa vyuo vyetu vya kati, viko chini ya bodi moja ya wadhamini saba, na wote saba huchaguliwa na wapiga kura wa eneo zima. Ni nafasi ya kuheshimu. Bodi ilipochaguliwa mara ya kwanza mwaka 1969 walijitokeza wagombea zaidi ya mia moja, na aliyeongoza kwa kura alikuwa kijana Jerry Brown, ambaye baadaye aliiongoza California kama gavana kwa vipindi vinne.

Saa nne asubuhi

Mvua ilizidi. Foleni ikajikunja ndani, miavuli ikadondosha maji hadi kwenye mstari wa mitupo huru, nami kila baada ya dakika kumi nashika ufagio wa maji.

Siku ile ndipo nilipolielewa vizuri jambo moja. Mkazi wa kaunti anaweza kupigia kura kituo chochote, hivyo wanawake wawili walisimama mashine zinazopakana, mmoja wa mtaa huu, mwingine wa Inglewood, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Wa Inglewood aliniita: "Mwenzangu anasema kuna swali la chuo. Mimi sioni." Haliko kwake kwa sababu Inglewood ni eneo la chuo cha El Camino, lenye bodi yake. Pasadena nao wana yao, Santa Monica yao, Long Beach yao. Mpaka wa chuo haufuati mpaka wa jiji, na wengi hawajui wako upande gani hadi skrini iwaambie.

Lakini swali nililoulizwa kuliko yote lilikuwa jingine: "Lazima nijaze zote?" Niliacha kuhesabu baada ya mtu wa kumi na tisa. Jibu lake ni moja, nami nililitoa kwa uso uleule kila mara: "Hapana, si lazima. Ulizojaza zitahesabiwa."

Liliniuma kila nilipolitoa. Mtu hachoki kwenye gavana, anachoka chini. Ana mtoto mkononi, viatu vimelowa, na kilichobaki ni majina manne asiyoyajua na hoja ya fedha nyingi. Hoja kama ile inapita ikipata asilimia 55 ya waliojibu swali lile lenyewe, kanuni iliyowekwa na wapiga kura wa California mwaka 2000. Kabla ya hapo ilihitajika theluthi mbili. Aliyeliacha tupu hahesabiwi kokote. Anakuwa amewaachia waliobaki waamue kodi yake, na waamue pia darasa la mwanawe. Ningetamani nimwambie hayo yule mama mwenye mtoto. Sikumwambia, kwa sababu hata kumsihi mtu ajibu swali fulani tu kungekuwa kumsukuma, na kazi yangu haina nafasi ya hilo.

Saa tisa alasiri

Aliingia mzee mwembamba, koti refu, kichwani kofia ya viua aliyoifunika kwa mfuko wa nailoni isilowe. Jina lake nililiona kwenye daftari kabla hajasema neno.

"Shikamoo mzee."

Akasimama. "Marahaba, mwanangu! Watoka wapi?"

"Tanga."

"Mimi Mombasa. Basi ni jirani."

Mashine zetu zina lugha 19, kuanzia Kiarmenia hadi Kimongolia. Kiswahili hakimo. Dakika chache baadaye akaniinulia mkono, nikamwita msimamizi, naye akasema naweza kumtafsiria maandishi kama yalivyo, bila kuongeza langu. Nikasimama ubavuni kwake.

Alisoma kila kitu polepole, kidole kikitetemeka sentimita moja juu ya kioo. Tulipofika chini akauliza, "Hii hapa yataka nini?"

Nikamfasiria. Vyuo vinaomba kukopa, kiasi hiki, kwa matumizi haya, kitalipwa kwa kodi ya majumba. Neno "hati fungani" nililirudia mara mbili.

"Nimefahamu. Na wewe waonaje?"

"Hilo siruhusiwi kulijibu, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alinitazama. Beji yangu ya kazi ilikuwa kifuani, lakini kamba iliyoishika ilikuwa ya chuo, yenye jina la chuo limeandikwa mara kumi. Nilikuwa nimeivaa alfajiri gizani bila kufikiri. Moyo ukanipasuka. Nikaivua palepale, nikaitia mfukoni, beji nikaibana kwa pini. Kisha nikageuka kuelekea ukutani ili nisione kidole kitatua wapi.

Alikaa kimya muda mrefu. Nikasikia mashine ikichapa.

Mlangoni nikampa stika ya "Nimepiga kura", akaibandika mbele ya kofia, katikati ya maua ya uzi. "Nimezijibu zote," akaniambia, "hadi ile ya mwisho." Sikumuuliza, naye hakusema zaidi.

Saa kumi na mbili jioni

Vijana wakaja kwa makundi, wengi wametoka madarasani, wengine wakijiandikisha siku ileile. Foleni ikafika nje, mvua ikiwa imepungua. Sikumbuki kula.

Saa mbili usiku

Tulitangaza mwisho wa foleni. Aliyekwisha kusimama ndani yake ana haki ya kupiga kura hata ikifika saa ngapi, na wa mwisho alimaliza karibu saa tatu. Tukalinganisha idadi ya waliosaini na idadi ya karatasi, tukazitia lakiri, wenzetu wawili wakaondoka nazo pamoja. Habari ya kamba nilimweleza msimamizi mwenyewe, akaiandika kwenye kitabu cha kituo.

Saa sita usiku

Nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nilifungua matokeo kwenye simu. Hesabu ya California haiishi usiku mmoja. Kura ya posta iliyogongwa muhuri siku ile ilikuwa na siku saba za kufika, na hata meya alijulikana wiki iliyofuata. Hoja ya chuo ilivuka asilimia 55 na kupita. Jirani yangu alinipigia simu siku matokeo yalipothibitishwa, akasema, "Haya, mwanangu, soma basi, maana nalipa."

Lakini usiku ule nilikuwa bado sijui, na Tanga ilikuwa saa tano asubuhi. Mama akapiga.

"Nani kashinda?"

"Meya bado, mama. Natazama ya chuo."

"Chuo nacho kinapigiwa kura?"

"Kinapigiwa."

Nikamsikia akimwambia mtu pale dukani kwake, kwa sauti ya kushangaa. Kisha akarudi kwenye simu. "Na wewe umekipigia?"

"Sijafikia, mama. Fomu ya uraia najaza Machi."

"Machi si mbali," akasema. "Kalale."