Maranda Yalipokwisha Usiku wa Pili

Kibao kilikuwa cha mbao iliyopigwa msasa vizuri, maandishi meupe, mkono wa mtu anayejua kazi yake: UKIMALIZA HAJA, MWAGA KIKOMBE KIMOJA CHA MARANDA. Vibao vyote 30 viliandikwa hivyo, kimoja kila chumba cha choo. Vilipotundikwa tarehe 28 Desemba 2018 hakuna aliyeona kasoro. Kasoro tuliisoma usiku wa kuamkia tarehe 31, saa nane, kwa mwanga wa tochi, magunia matupu yamelala kando.

Lilikuwa tamasha la kufunga mwaka, muziki na sanaa kwa siku tatu kwenye shamba la mibuyu nje kidogo ya mji wa Kilifi. Watu 2,400 hivi. Waandalizi walikuwa wamekata shauri: hakuna chupa za maji za plastiki wala sahani za kutupa, na kikombe ni cha bati, unakichukua kwa amana ya shilingi 200, unarudishiwa ukikileta. (Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo hiyo haikuwa ya kujisifia.) Vikombe 3,000 vilitoka, vikarudi pungufu ya 19. Siri ni kiwango cha amana tu. Ukiweka shilingi 20, kikombe kinakwenda zake.

Mibuyu nayo ilikuwa na masharti yake. Hakuna msumari kwenye shina: taa na vitambaa vilifungwa kwa mikanda mipana, maana kamba nyembamba inakata gome. Hakuna gari chini ya matawi, na hata nje yake kidogo, kwa sababu mizizi ya mbuyu husambaa mbali na haiendi chini sana, na udongo ukishindiliwa na magurudumu hauvuti tena maji. Taa kali hazikuelekezwa juu. Maua ya mbuyu hufunguka usiku na popo wala matunda ndio wanaoyachavusha, na popo hapendi kumulikwa. Wazee wa kijiji waliombwa ruhusa mapema, nao wakaonyesha mti mmoja wa kuachwa peke yake bila maelezo. Ukaachwa.

Vyoo ndivyo vilivyotupa kazi. Kikosi chetu kilikuwa cha watu 11.

Kwanza, kwa nini vyoo vikavu, yaani vya kufunika kinyesi kwa maranda badala ya kuvuta maji. Ukichimba Kilifi, futi chache tu unakutana na jiwe la matumbawe, nalo lina mianya kama sifongo. Uchafu wa shimoni haubaki shimoni: unapenya hadi visima vya majirani na mwisho wake ni hori, mkono wa bahari unaoingia bara. Choo cha kuvuta maji ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa kila mvuto ni lita 6 hadi 9 za maji yaliyokuja kwa lori, na baadaye unahitaji lori jingine la kuyanyonya yakiwa yamechafuka. Choo kikavu hakihitaji maji isipokuwa ya kunawa, na ya kunawa yalitoka kwenye vibuyu chirizi: mtungi wa lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni imening'inizwa kwenye soksi. Kila vyumba vitatu, mtungi mmoja.

Chumba chenyewe kilikuwa na fremu ya mbao, kuta za makuti, jukwaa la plaiwudi la kupandia ngazi mbili. Chini ya jukwaa, pipa la plastiki la lita 80. Pipa la lita 200 huwavutia wengi kwa sababu linapatikana kila mahali na halijai upesi, lakini likifika robo tatu linapita kilo 100 na hakuna atakayelitoa pale bila kulimwaga. La lita 80 hubadilishwa likifika lita 60, wakati huo lina kilo 40 na kitu, na watu wawili wanalibeba bila maneno. Tulikuwa na mapipa 75: 30 ndani, 45 ya akiba. Bomba jeusi la hewa la inchi nne lilitoka nyuma ya kila jukwaa na kupanda nusu mita juu ya paa, wavu wa mbu mdomoni. Jua likilipasha, hewa hupanda na kuvuta harufu kutoka chini; nzi anayefuata mwanga wa mdomo wa bomba hukutana na wavu.

Mbele ya kila tundu palikuwa na bakuli la kupokea mkojo, na mpira unaoupeleka kwenye tangi la lita 1,000. Wanaume walikuwa pia na mikojozi yao (mifereji ya kukojolea) ya bomba la inchi nne lililopasuliwa kwa urefu, mteremko wa sentimita mbili kila mita, bila kipande chochote cha chuma kwa sababu mkojo hula chuma. Kutenganisha ndiko kazi yote ya choo kikavu. Kinyesi peke yake kikifunikwa vizuri hakinuki sana, na mkojo peke yake kwenye chombo kilichofungwa ni mbolea ya kuwekwa. Vikichanganyika, hewa inakosekana ndani, vinachacha, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ambayo watu hudhani ndiyo harufu ya vyoo vyote.

Sasa hesabu. Mtu mmoja huenda haja kubwa mara moja kwa siku, tukachukua hivyo. Watu 2,400 kwa siku tatu ni mara 7,200. Kikombe ni nusu lita, kwa hivyo lita 3,600 za maranda, yaani magunia 40 ya lita 90. Tukaongeza nusu yake kwa ajili ya wenye mkono mzito. Magunia 60 yakapangwa juu ya vichanja, yakafunikwa turubai. Hesabu ilikuwa safi, na hadi leo ni sahihi.

Ila kibao kilisema haja, na haja ni mbili.

Kila mwanamke aliyeingia kukojoa alisoma kibao, akatii, akachota kikombe, akamwaga. Wanaume walioona foleni ya mikojozi ni ndefu wakafanya vivyo hivyo. Wageni walikuwa watiifu kupita kiasi! Mtu huenda haja ndogo mara nne au tano kwa siku, zaidi akiwa na kikombe cha bati mkononi tangu saa kumi jioni. Kwa makadirio yetu ya baadaye, vikombe 7,500 vilimwagwa kwa siku moja badala ya 2,400. Hayo ni magunia 42. Milango ilifunguliwa saa sita mchana tarehe 29. Kufikia saa sita usiku wa tarehe 30 magunia 60 yalikuwa yameisha.

Kuisha kwa maranda kungekuwa na nafuu. Ubaya zaidi ni mahali yalipoishia. Aliyekojoa alimwaga kikombe chake palepale alipokojolea, yaani kwenye bakuli la mbele. Mpira wetu ulikuwa wa inchi moja. Maranda yakilowa huvimba na kushikana, na mpira mwembamba uliolala kidogo katikati unaziba kabisa. Bakuli likajaa, likafurika kwa nyuma, mkojo ukaingia kwenye pipa. Mapipa ya kilo 40 yakawa ya kilo 70, yakacheza yakibebwa, na tulipofungua vyumba saa saba usiku mipira 19 kati ya 30 ilikuwa imeziba. Kuizibua si kazi ngumu ukiwa na ndoo ya maji ya moto na waya wa baiskeli, lakini ni dakika kumi kwa kila mmoja, na watu wako nje wanabisha.

Na upepo ukatugeuka. Desemba ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo vyoo viliwekwa kusini magharibi mwa jukwaa la muziki, mita 120, harufu iende shambani. Mchana na jioni ilikuwa sawa. Lakini usiku wa manane kaskazi hulegea, na upepo mwembamba wa bara huanza kushuka kuelekea baharini. Kila mvuvi wa hori anaujua; ndio anaotokea nao. Sisi tuliweka mshale mmoja tu kwenye ramani. Saa tisa usiku mpiga ngoma mmoja aliteremka jukwaani, akasimama, akauliza nani amekufa.

Hapo likafanyika kosa la pili, na hili halikuwa la kibao. Wapishi walikuwa na majiko ya kuni, na nyuma yao kilima cha jivu. Jivu linafunika, linakausha, vyoo vingi vya vijijini vinaishi kwa jivu. Tukajaza ndoo nane na kuzimwaga kwenye mapipa. Ndani ya robo saa macho yalikuwa yanachuruzika machozi. Sababu yake ni hii: mkojo uliokaa unageuza urea yake kuwa amonia, na amonia hiyo hutulia majini mradi maji hayajawa makali upande wa magadi. Jivu ni ndugu wa magadi. Ukilitia kwenye kitu kilicholowa mkojo unaifukuza amonia yote itoke hewani kwa pamoja. Jivu ni la kinyesi kikavu tu. Zaidi ya hayo, ndoo mojawapo ilikuwa na makaa yaliyozikwa, na pipa la plastiki likatoboka tundu la ukubwa wa sahani ya kahawa.

Aliyetutoa alikuwa mama wa mahamri. Alifika saa kumi na nusu alfajiri kuwasha jiko lake karibu na lango, na nishati yake ilikuwa makumbi ya nazi, rundo la kufika kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mwanuka hivi?"

Alituuzia nusu ya rundo na kutuelekeza kwa jirani yake mwenye jingine kubwa zaidi. Kumbi halifai likiwa zima. Linapigwa kwa rungu juu ya gogo mpaka nyuzi ziachane na ule unga wa kahawia utoke, na unga huo ndio unaotakiwa, kwa sababu hunyonya maji kwa wingi kuliko maranda. Nyuzi ndefu zisiachwe, zinajifunga kwenye kikombe na kwenye mkono wa mchotaji. Tulichanganya ndoo mbili za makumbi yaliyopondwa, ndoo mbili za majani makavu ya mwembe na mkorosho yaliyosagwa kwa miguu, na ndoo moja ya udongo mwekundu mkavu uliochekechwa. Udongo unazuia harufu. Majani na makumbi yanaweka hewa. Mapipa yaliyolowa hatukujaribu kuyaokoa. Yalifungwa vifuniko, yakatolewa yote 27, yakawekwa mapya yenye sentimita 10 za mchanganyiko mkavu chini kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Hiyo ya chini tungepaswa kuifanya tangu mwanzo.

Asubuhi gari lilikwenda kwenye karakana za mafundi wa mashua karibu na hori na kurudi na magunia 22 ya maranda. Seremala mmoja mjini alitupa mengine bure, tukayakataa: yalikuwa ya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo haiishi kwenye mbolea. Mipira ya inchi moja ilibadilishwa kwa ya inchi mbili kwenye vyumba 12, hadi mipira ya mjini ilipotuishia, na kona kali ikageuzwa kuwa kona mbili za polepole. Vyumba vilivyobaki tuliwekea chujio la wavu kwenye bakuli.

Kisha vibao. Vilipakwa rangi na kuandikwa upya: HAJA KUBWA, KIKOMBE KIMOJA NYUMA. HAJA NDOGO, USIMWAGE KITU. Usiku wa mwaka mpya, ndio uliokuwa na watu wengi kuliko zote, tulitumia magunia 17.

Mbolea ilipangwa tarehe 2 Januari kwenye mabanda matatu ya vichanja, kila upande mita moja na nusu, paa la mabati. Chini, sentimita 30 za makumbi mazima ili hewa ipite. Juu yake pipa moja, kisha majani makavu, kisha pipa jingine. Kipimajoto cha shina refu kikachomekwa katikati. Mabanda mawili yalifika nyuzi 61 siku ya tano. La tatu, lenye mapipa ya ile alfajiri, lilikwama kwenye 38: limelowa mno, hakuna hewa. Liligeuzwa lote kwa uma, likachanganywa na magunia tisa ya majani, na baada ya siku tatu likapanda hadi 57. Joto la namna hiyo likidumu huua hata mayai ya minyoo, ambayo ndiyo sugu kuliko vyote, lakini kingo za rundo hazipati joto la katikati, kwa hivyo mabanda yalifungwa na kuachwa zaidi ya mwaka. Mkojo ulikaa ndani ya matangi yaliyofungwa kwa miezi sita, kisha ukaenda kwenye mahindi ya vuli, kipimo kimoja kwa maji matano, ukimwagwa kando ya shina na si juu ya majani.

Tulifungua mabanda Februari 2020. Rundo la kifuani lilikuwa limeshuka chini ya goti, jeusi, harufu ya msitu baada ya mvua. Lilichekechwa na kupelekwa kwenye mikorosho na miche ya mibuyu, si kwenye mboga. Juu ya chekecheke vilibaki visivyooza: vitambaa vya majimaji vya kupangusia watoto, vikiwa vizima kama vilivyotupwa, vifuniko vya bia, njiti za nywele, ufunguo wa pikipiki. Na vikombe vinne vya bati, kila kimoja na shilingi 200 zake.