Dipoziti ya nyumba Kampala: jinsi ya kupinga makato

Ugomvi mwingi wa dipoziti huzaliwa siku ya kuingia, kwenye risiti. Mpangaji analipa miezi minne kwa mkupuo, mitatu ya kodi na mmoja wa dipoziti, halafu msimamizi anaandika "kodi miezi 4" kwa sababu ana haraka na broka amesimama mlangoni akingoja chake. Siku ya kuhama mwenye nyumba anasema hajawahi kupokea dipoziti, na karatasi inamuunga mkono. Kama bado unaishi humo, rekebisha sasa. Andika: "Mzee, habari za siku. Naweka sawa kumbukumbu zangu: kati ya 2,400,000 nilizokupa nikiingia, 600,000 ni dipoziti, sivyo?" Akijibu "ndiyo", umepata pa kusimamia. Sheria ya Uganda ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka upangaji wa thamani ya shilingi 500,000 na zaidi uwe kwa maandishi, na inatambua hata ujumbe wa simu. Pesa ya broka iwekee hesabu yake, hiyo hairudi.

Usiile dipoziti kwa kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa, hata kama jirani zako wote hufanya hivyo. Ukifanya hivyo unampa mwenye nyumba deni la kodi la kukushika nalo, na hoja zako zote kuhusu rangi na vitasa zinakosa uzito.

Siku ya kukabidhi, toa vitu vyote kwanza, fagia, kisha piga video mchana kweupe. Anzia getini, pita kila chumba bila kukata, fungua kila bomba, vuta maji ya choo, washa kila taa, funga na ufungue kila mlango. Malizia kwenye mita. Itume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Funguo mpe yeye au msimamizi wake, zihesabiwe na idadi iandikwe, kila mmoja aweke sahihi. Msimamizi akikataa kusaini, ita jirani au mjumbe wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) ashuhudie. Ukimwachia broka funguo, mwenye nyumba anaweza kusema hukukabidhi nyumba na kodi bado inahesabika.

Akikuambia "nimekata 450,000", usibishane na jumla. Omba mchanganuo: kitu gani, chumba gani, bei gani, risiti iko wapi. Kila mstari uulize mambo manne. Je, ni uharibifu au ni uchakavu wa kawaida? Ulikuwepo kabla hujaingia? Kitu chenyewe kilikuwa na umri gani? Na bei hiyo ni ya kutengeneza, au ya kununua kipya kabisa?

Rangi ndiyo inayoleta kelele kuliko yote. Iliyopauka baada ya miaka mitatu ni uchakavu. Madoa ya ukungu chini ya dari inayovuja ni ya mwenye paa, hasa kama ulimwandikia mvua zilipoanza na hakuja. Lakini moshi wa sigiri (jiko la mkaa) iliyowashwa ndani, mashimo ya kufungia televisheni na michoro ya watoto ukutani, hayo ni yako, lipa bila maneno. Hata hivyo unalipia ukuta ulioharibika, si nyumba nzima. Tuseme amekudai 280,000 za rangi ya nyumba yote na kilichoharibika ni ukuta mmoja wa sebule: tafuta fundi, akuandikie makadirio ya kuziba mashimo na kupaka ukuta huo, kopo dogo pamoja na ufundi. Ikitoka 60,000, hiyo ndiyo unayokubali. Rangi iliyokuwa imekaa miaka mitano kabla hujaingia karibu haina thamani ya kudaiwa.

Kitasa nacho kina ujanja wake. Ukipoteza ufunguo, mara nyingi kinachobadilishwa ni silinda ya ndani, si kitasa kizima. Bomba linalodondosha kwa sababu ya mpira kuisha ni matengenezo ya kawaida; sinki lililopasuka kwa kuangushiwa chungu ni lako. Kunyonya shimo la choo ni gharama ya kiwanja kizima: gawanya kwa idadi ya nyumba zinazolitumia, na uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho.

Maji ya NWSC, shirika la maji la taifa, yanakuja na bili baada ya wewe kuondoka, hapo ndipo mtu huwekewa deni la mpangaji aliyemfuata. Soma mita siku ya kuhama. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, nyekundu ni sehemu yake. Toa usomaji ulio kwenye bili ya mwisho, zidisha kwa bei iliyoandikwa humo. Umeme wa Yaka, yaani wa mita ya kununua yuniti, ni rahisi zaidi kwa kuwa umelipiwa mbele. Yuniti zilizobaki hubaki kwenye mita, kwa hiyo acha kununua mapema au kubaliana na anayeingia akufidie.

Sasa andika barua moja, fupi: dipoziti uliyotoa, makato unayokubali, unayoyakataa na kwa nini, kiasi unachodai, siku 14 za kulipa. Weka nakala yenye sahihi ya kupokea. Polisi hawafai hapa, watakuambia ni madai ya pesa. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa mahali nyumba ilipo. Mahakama ya baraza hilo inaweza kusikiliza madai ya deni au mkataba yasiyozidi 2,000,000, kwa lugha mnayoelewana, na wazee wengi wenye nyumba hulegea wakiitwa mbele ya majirani. Ikishindikana, utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama za mahakimu unachukua mpaka 10,000,000, bila mawakili. Huko lazima uonyeshe kwamba ulimpa mdaiwa notisi ya siku 14 kwanza, ndiyo maana barua ile usiiandike ovyo.

Akituma sehemu tu ya unachodai kwenye MoMo ya MTN au Airtel Money, ipokee. Papo hapo mjibu, kwa mfano ulipokuwa ukidai 470,000: "Asante Mzee, nimepokea 150,000 kama sehemu ya dipoziti, bado 320,000." Usimtumie "asante, tumemalizana" kwa adabu tu, huo ndio ujumbe atakaoutoa LC1.